Masizi ya Nyumba ya Maduhu

Watu wakiniuliza Nyanzobe alikufa kwa kitu gani, nawajibu kwamba ni masizi. Wanaangaliana. Wanadhani uzee umenipanda kichwani. Basi anayetaka kusikiliza akae, asiyetaka aende zake, maana haya siyasimulii kwa kumbembeleza mtu.

Nyanzobe alikuwa mke mkubwa, mimi, Limi, mama yake Noela, mke mdogo. Mume wetu alipofariki, ndugu zake walitegemea tugawane ng'ombe na kila mmoja ashike njia yake. Tukawakatalia. Tulikuwa tumeshazoeana kugombana, na ukishampata wa kugombana naye vizuri humwachi hivihivi. Nyumba yake ilikuwa upande huu wa zizi, yangu upande ule, katika kijiji kilichokuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa baiskeli kutoka Bugarama. Alfajiri ananipigia kelele ya salamu, "Mwangaluka, mvivu wee," nami namjibu, "Mwangaluka, kizee." Ndivyo tulivyopendana.

Macho yake yalikuwa mekundu. Hilo mlishike mapema. Kwetu miti iliisha zamani, watu walikata wakalima pamba, kwa hiyo tulipikia mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya pamba. Moto wa mavi ukiupuliza miaka na miaka, macho yanageuka rangi ya pilipili. Kila mtu kijijini alijua hivyo. Lakini kila mtu alijua pia kwamba mchawi ana macho mekundu, na watu wa kwetu wanaweza kujua mambo mawili kwa pamoja bila kuumwa kichwa. Miaka ile ya tisini wazee wa kike walikuwa wanakatwa mapanga, leo kijiji hiki, mwezi ujao kijiji kile. Tulikuwa tunakwenda mazikoni, tunakula ugali, tunarudi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona kitu.

Mtoto aliyembakia Nyanzobe ni Ignas, mwalimu wa kemia katika sekondari moja ya Shinyanga mjini. Mpole, mrefu, anaongea taratibu kama anaogopa kukuumiza. Likizo ya katikati ya mwaka wa tisini na nane, baada ya zile mvua za Elinino kutuozeshea pamba shambani, alikuja nyumbani na sanduku. Ndani, amevizungushia taulo, mlikuwa na vioo vidogovidogo, kila kimoja ukubwa wa kiberiti.

"Mama mdogo," akaniambia, "hivi vinatoa umeme kwenye jua."

"Vioo?"

"Vioo, na rangi, na masizi."

Nikamcheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakukasirika, alikuwa hajui kukasirika. Akatuonyesha kazi yenyewe hatua kwa hatua. Vioo vile alipewa na mwalimu wake wa chuo kikuu, na upande mmoja vilipakwa kitu kisichoonekana kinachopitisha umeme. Kioo cha kwanza alikipaka uji mweupe wa dawa akakichoma juu ya jiko la mkaa mpaka ukashika, kisha akakilowesha kwenye maji ya rozela, yale maua mekundu yanayopikiwa juisi. Rangi ile, alisema, ndiyo inayokamata jua. Kioo cha pili alikipaka weusi. Akavilaza kimoja juu ya kingine, akadondoshea katikati dawa ya ayodini, hii ya vidonda, akavibana kwa vibanio. Kwangu mimi ilikuwa kama mtoto anayepika chakula cha udongo.

"Weusi ndio unanisumbua," akasema. "Nilianza kwa kusugua penseli, umeme ukawa kidogo mno. Masizi ni afadhali. Yana vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni, na umeme unapita vizuri humo. Lakini masizi hayafanani, mama mdogo. Ya mshumaa ni mengine, ya mabua ni mengine, ya mavi ya ng'ombe ni mengine. Nataka nijue yapi yanashinda."

Nyanzobe alikuwa kwenye kigoda chake anapepeta mtama. Akauliza, "Kisha taa itawaka?"

"Siku moja, mama. Taa isiyo na moshi. Macho yako yapumzike."

Aliweka ungo chini. Nilimjua mwanamke yule, akiweka ungo chini ujue neno limemwingia. "Basi masizi nitakutafutia mimi," akasema. "Kijiji hiki kina masizi kuliko chakula."

Ignas akarudi Shinyanga kufundisha. Alimwachia mama yake makopo matupu ya dawa ya viatu na agizo moja tu, kwamba kila nyumba iwe na kopo lake, asichanganye. Sasa, Nyanzobe hakujua kusoma wala kuandika. Mwanawe alilijua hilo, lakini hakuuliza angetofautisha vipi, aliona mama yake ana akili na atajua mwenyewe. Na kweli alijua. Kila nyumba aliyokwangua masizi aliomba kitu kidogo cha kumkumbusha, akakifunga kwenye kopo kwa uzi. Kopo la fundi cherehani alilifunga kifungo. La wenye mbuzi akalifunga manyoya ya mbuzi. La wanaolima choroko, punje za choroko ndani ya kitambaa. La Mama Maduhu akalifunga utepe uliochanwa kwenye kanga yake kuukuu.

Siku nilipoyaona yamepangwa chini ya kitanda chake, nilifunga mlango kwanza.

"Wewe Nyanzobe, una akili timamu? Mtu akiingia humu akaviona hivi atasema nini?"

"Atasema ni makopo."

"Makopo yenye masizi ya majiko ya watu, na manyoya yao, na nguo zao."

"Wamenipa wenyewe kwa mikono yao, na kunicheka wamenicheka. Siri iko wapi hapo? Mwanangu anataka masizi."

Nikamwambia avitupe vile vitambaa. Akaniambia nikapike. Tukagombana hapo mpaka kuku wakahama, na makopo yakabaki palepale. Nyanzobe hakuwa na kitu cha kuficha maisha yake yote, kwa hiyo hakujua kuficha.

Huyo Mama Maduhu alikuwa jirani yetu wa njia ya kisimani, bado msichana tu, Maduhu ndiye mtoto wake wa kwanza. Mumewe alikuwa mchimbaji kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kule Bugarama, na kila akirudi nyumbani alikuja na dizeli iliyobaki kwenye pampu ya kutolea maji duarani. Sisi wengine koroboi tulizitia mafuta ya taa. Wao walitia dizeli. Moshi wake ulikuwa mzito, unanuka, na ukuta wa chumba chao ulikuwa mweusi tii kutoka taa ilipo mpaka kwenye paa. Maduhu alianza kukohoa kabla hajajua kukaa.

Jumamosi moja Ignas akaja, akayajaribu masizi yote, akatoka nje akimwita mama yake. Yenye utepe wa kanga yalikuwa yameyapita mengine mbali sana. Alitaka zaidi. Basi Nyanzobe akawa mtu wa kwenda kwa Mama Maduhu mara kwa mara. Anabisha hodi, anasalimia, anampakata mtoto kidogo, anakwangua ukuta, anaondoka na kopo lake. "Chukua tu, bibi," Mama Maduhu alikuwa akimwambia, "unanisafishia nyumba." Nilikuwapo, nimemsikia kwa masikio yangu haya. Na hilo nalo mlishike.

Mwezi wa nane Maduhu akashikwa na homa. Mvua zile zilikuwa zimetuachia madimbwi na mbu, watoto walikuwa wanakwenda mmoja mmoja. Zahanati ya karibu haikuwa na dawa, wakamfunga mgongoni kwa mama yake, baba yake akaendesha baiskeli kuelekea hospitali. Alifia njiani. Mama yake hakujua, aliendelea kumwimbia mpaka walipofika.

Nyanzobe alilia kwenye msiba ule kuliko hata bibi zake mtoto, na baadaye hilo nalo likasemwa. Alikwenda jikoni akasonga ugali pamoja na wanawake wengine. Mwanamke mmoja akatumwa nyumbani kwetu kuazima ungo. Mlango wa Nyanzobe haukuwa na kufuli, akaingia, akainama chini ya kitanda kuutafuta. Ungo hakurudi nao. Jioni ile sahani zote zilizopakuliwa ugali wa mkono wa Nyanzobe zilirudi jikoni kama zilivyotoka.

Hakuna aliyemwambia kitu. Kwetu mtu akishahukumiwa haambiwi kitu, salamu tu ndizo zinazofupika. Watoto wakimwona njiani wanaitwa ndani. Kisimani wanamwachia nafasi achote wa kwanza, wote wamekaa mbali, utadhani wanamheshimu. Baba Maduhu alikwenda ng'ambo ya mto kwa mganga, akarudi kimya, na toka siku hiyo hakurudi tena duarani. Mchimbaji aliyeacha duara lake linajaa maji akakaa tu nyumbani, huyo ana jambo anasubiri.

Nikamtumia Ignas ujumbe kwa dereva wa lori la pamba kwamba aje amchukue mama yake. Akaja kesho yake na sanduku lake mkononi. Nilipoliona lile sanduku sikumkaribisha hata kukaa.

"Mchukue leo hii," nikamwambia. "Lori linaondoka jioni."

Nyanzobe akadakia, "Nikikimbia nitakuwa nimekubali. Mimi sitoki hapa."

"Afadhali ukubali ukiwa hai, kizee wewe."

"Nikubali nini? Kwamba nimemla yule mtoto niliyempakata?"

Ignas alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Wanaogopa kwa sababu hawajui," akasema. "Wakiona kwa macho yao wataelewa. Niacheni niwaonyeshe."

"Ignas, mwanangu, hawa siyo wanafunzi wako."

"Watu ni walewale, mama mdogo. Ukimfafanulia mtu vizuri, anaelewa."

Mama yake alimwangalia kwa fahari, na hapo nikajua nimeshindwa. Mwenyekiti wa kijiji alikubali upesi sana. Mkutano ukapangwa Jumapili baada ya ibada, mbele ya ghala la pamba.

Walikuja watu ambao hata misibani hawaji. Jua lilikuwa kali, hakuna hata wingu la kusingizia. Nyanzobe alikaa mbele kwenye kigoda chake, amevaa gauni lake la kanisani. Mama Maduhu alikaa chini mwishoni kabisa, na mumewe alisimama nyuma yake.

Ignas alieleza vizuri. Siwezi kumnyima haki yake. Alieleza kwa Kiswahili, akarudia kwa Kisukuma, akaonyesha koroboi, akaonyesha rozela, akawaonjesha watoto maji yake ili wajue siyo damu. Alitoa kalkuleta, akaifungua nyuma, akawaonyesha betri imetolewa, tundu tupu. Kisha akaiunganisha kwa nyaya na vioo vilivyosuguliwa penseli. Kalkuleta haikuonyesha kitu. Akaunganisha vioo vya masizi ya nyumbani kwa mama yake, yaani ya mavi ya ng'ombe. Ikatokea sifuri, hafifu, inakuja na kupotea. Watu wakasogea.

Hapo angeacha. Lakini alikuwa na vioo vingine, na nikauona uso wake, uso wa mtu anayekaribia kuonyesha kitu anachokipenda. Akavipanga juani, akafunga nyaya. Sifuri ikatokea nyeusi, imesimama. Akavifunika vioo kwa kiganja, ikafa. Akaondoa kiganja, ikarudi. Umati mzima ukavuta pumzi kwa pamoja.

"Mwalimu," mzee mmoja akauliza, "hayo masizi yenye nguvu namna hiyo ni ya nyumba gani?"

Nilimkonyeza. Nikakohoa. Nyanzobe alikunja ncha ya gauni mkononi. Lakini Ignas tangu azaliwe hajui kusema uongo, na siku ile alikuwa amekuja kusema kweli.

"Ya kwa Mama Maduhu," akasema. "Yamepita yote. Nimeyajaribu tena na tena, na kila mara hayo ndiyo yenye nguvu."

Kisha Baba Maduhu akasema, kwa upole kabisa, "Kwa hiyo nguvu imetoka nyumbani kwangu."

"Ndiyo," Ignas akaitikia, amefurahi kueleweka.

"Ikaingia humo."

"Ndiyo, Baba Maduhu. Ni kaboni. Dizeli inapoungua bila hewa ya kutosha..."

"Nimeelewa, mwalimu. Umetusaidia sana. Asante."

Watu walipiga makofi machache. Wengine wakamshika mkono Ignas. Mama Maduhu alikuwa amesimama, anaiangalia ile kalkuleta kwa mbali, midomo yake inacheza bila sauti, mpaka mumewe akamshika bega wakaondoka.

Tukiwa njiani kurudi Ignas aliniambia, "Umeona, mama mdogo? Wameelewa."

"Wameelewa kuliko ulivyowafundisha," nikamjibu. Akanikodolea macho. Ndipo mama yake, aliyekuwa anatembea mbele yetu na kigoda chake kichwani, akaniambia bila kugeuka, "Yule bwana hakunitazama hata mara moja. Limi, nisaidie kufunga vitu vyangu." Uso wa Ignas ukabadilika pale pale, mwanga wote ukatoka. Alitaka tuondoke dakika ile ile, lakini Jumapili hapakuwa na gari lolote. Jumatatu kabla ya jua kuchomoza akapanda baiskeli kwenda Bugarama kutafuta lori. Alituambia tukae ndani wote wawili.

Tulikaa. Mchana ukafika, unga ukawa umekwisha. Nyanzobe akasema niende mashineni, mchana kweupe namna ile nani atakuja, na yeye ataniokotea mavi makavu zizini. "Mimi nikishakuwa mtu wa mjini wewe utapikia nini, mvivu wee?" Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nikamjibu aniachie na mdomo wake, nisikose kelele. Mashine haikuwa mbali.

Niliporudi na unga kichwani, ng'ombe walikuwa wamejikusanya wote upande mmoja wa zizi, hakuna anayecheua. Sitasema walivyomkata. Nitasema kwamba kikapu kilikuwa kimejaa mavi mpaka juu, kimewekwa wima pembeni, hakikumwagika hata kidogo. Walisimama wakamwacha amalize kazi.

Majirani wote walikuwa nyumbani. Huyu anaanika mtama, yule anasuka mkeka. Hakuna aliyesikia. Niliita majina yao mmoja mmoja nikiwa katikati ya zizi, na walikuja, walikuja wote, wakashika viuno wakasikitika. Polisi walifika kesho yake, wakauliza, wakaambiwa vilevile, wakaondoka. Baba Maduhu alikuwa ameshasafiri kurudi maduarani, au mahali pengine, na mpaka leo sijamwona. Ignas aliingia jioni ile na lori alilolitafuta siku nzima. Dereva hakuzima injini, alijua anapakia mizigo tu.

Nilimchukia Ignas, nisidanganye. Nilimchukia kwa usomi wake ule, yeye aliyejua kila kitundu cha masizi na hakuwajua watu waliomlea. Nilikuwa na maneno nimemwekea, makali. Kisha baada ya mazishi nikamkuta amekaa kwenye kigoda cha mama yake, mikono ameilaza magotini, weusi wa masizi bado umo kwenye kucha. Akaniuliza, "Mama mdogo, ningesema nini?" Ningemwambia adanganye, lakini hata uongo wenyewe siujui ungekuwa upi, maana walikuja pale wameshajua wanachotaka kuona. Nikampikia uji. Alipoondoka kwenda Shinyanga aliacha vioo na kalkuleta dirishani kwangu. Alisema hataki kuviona tena, na kwamba dawa ya ndani itakauka yenyewe, vitakufa.

Haikupita wiki, Mama Maduhu akaja. Alisimama mlangoni, amekonda, kanga imemzidi.

"Shikamoo, Mama Noela."

Sikumwitikia. Mimi kutomwitikia mtu shikamoo ilikuwa mara ya kwanza maishani.

"Nimekuja kuomba kile kioo," akasema. "Nikae nacho kidogo."

"Cha nini?"

"Wanasema Maduhu yumo."

Mori ulinipanda mpaka nikaona giza. "Yumo? Wewe uliyempa masizi kwa mkono wako, ukamwambia anakusafishia nyumba? Hayo ni masizi ya dizeli ya mumeo, mama. Hamna mtu humo."

"Usiseme hivyo," akasema. "Kama hayumo, basi..."

"Basi nini? Malizia."

"Basi yule bibi aliuawa bure."

"Bure kabisa."

Akakaa palepale kizingitini kwenye vumbi. Hakulia. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu. "Nipe," akasema. "Nakuomba, mama."

Nikampa vioo na kalkuleta yake. Sijui kama ni huruma au nilitaka aondoke machoni pangu. Nikamweleza wazi kwamba havitadumu, dawa yake inakauka. Akaitikia kwa kichwa, akavipokea kwa mikono miwili, namna anavyopokelewa mtoto aliyelala.

Tangu hapo nilikuwa nikimwona asubuhi nikienda kisimani. Amekaa nje juani, vioo viko mapajani, anaiangalia ile sifuri. Anaifunika kwa kiganja, anafunua. Anafunika, anafunua. Wakati mwingine anaongea nayo. Watu wakaanza kuikwepa ile njia, wakazunguka kwa nyuma, na macho yake kwa kutolala yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Nililiona hilo nikaogopa, mimi niliyetaka kumchukia.

Siku moja akaja tena. Alivirudisha vioo, amevifuta vizuri, vimekufa. Chini ya kanga akatoa kopo la dawa ya viatu, akaniwekea mkononi. Lilikuwa zito. Lilikuwa limejaa masizi mpaka kifuniko hakifungi, na limefungwa utepe wa kanga kuukuu.

"Nimekwangua ukuta wote," akasema. "Mpe Ignas atengeneze vingine."

Niliutazama ule utepe. Fundo lilikuwa lilelile. "Nani amekufundisha kufunga hivi?"

"Bibi mwenyewe. Alisema ukifunga hivi hutasahau ni masizi ya nyumba ya nani."

Nilimrudishia kopo lake. Nilimwambia makopo hayapokelewi na mimi wala na Ignas, mpokeaji alikuwa Nyanzobe, kama anataka ampelekee mwenyewe. Nilisema kwa hasira, ili aende nyumbani.

Hakwenda nyumbani. Alizunguka zizi taratibu, nami nikamfuata kwa macho nikiwa nimeshika mwimo wa mlango. Alifika kwenye kaburi la Nyanzobe, akavua kandambili, akapiga magoti, akaliweka kopo juu ya udongo. Akasema, "Shikamoo, bibi." Kisha akabaki amepiga magoti pale, ameinamisha kichwa, anasubiri kuitikiwa.